Viatu Vilivyogeuka Mlangoni mwa Ngome

Nimerudisha blazeri, beji na redio. Redio waliichukua kwanza, hata keki haijakatwa, ndipo nikaamini kwamba kweli nimestaafu. Ninyi vijana mliobaki mmenisumbua niwaandikie machache kuhusu kazi ya kulinda makumbusho. Haya, nimekubali, lakini msitegemee habari za vyeo. Vyeo vilikuja vilivyokuja. Nitaandika juu ya kushuku watu, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kusimama tu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Kamau, Mkenya wa Murang'a, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Mimi nilitoka Tabora, nikapita Dar es Salaam, nikatua Woodbridge, Virginia, kwenye nyumba ya kupanga karibu na barabara ile kubwa ya I-95. Kazi niliyoijua ilikuwa kuuza duka. Kamau akanisimamisha katikati ya ukumbi wa vyungu vya kale, akaniambia, "Mama Asha, hapa kila mtu ni mwizi mpaka atoke nje. Akishatoka, huyo ni mgeni wetu mpendwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na kitu kingine," akasema. "Mlinzi hafumbi macho. Unaweza choka, unaweza kasirika, hata kulia lia tu. Lakini macho yakae wazi."

Alinifundisha kutazama mikono ya watu, siyo nyuso, kwa sababu uso unaweza kujifanya. Alinifundisha nisiegemee ukuta, maana ukiegemea, dakika inayofuata unasinzia. Mwenzako akija kukurelivu, yaani kukupokea zamu, usikimbilie chai, kwanza mweleze nani yumo ndani na nani humwelewi. Na viatu, jamani, nunueni vile vya manesi. Waulizeni akina mama wa kwetu wanaokesha na wazee wa watu huko Maryland, watawaambia duka. Nilidharau ushauri huo mwezi mzima, na miguu yangu haijanisamehe hadi leo.

Nilikuwa nimeshazoea kazi ngome ilipokuja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati watu wanatishana kwamba kompyuta zote zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia. Makreti yakaanza kushuka mlango wa nyuma, na baada ya makreti wakaja mafundi seremala kutoka Japani, watu wapole, wanafanya kazi bila kelele na wanafagia kabla ya kwenda kula. Wakatujengea ngome ya watawala wa zamani ndani ya ukumbi mkubwa. Siyo yote, ukumbi usingetosha. Walijenga lango, chumba cha walinzi pembeni ya lango, ujia mrefu wa mbao, na sebule ya bwana mkubwa mwenyewe, imetandikwa mikeka minene ya majani inayonukia vizuri ajabu.

Wageni wote walikuwa na swali moja: "Hii ni ya kweli?" Tulipewa jibu la kusema. Ngome yenyewe iliungua vitani, watu wa mji ule wakaijenga upya, na hii yetu ni sehemu iliyochongwa kwa mfano wake ili isafirishwe. Kwa hiyo, ukipenda kusema ukweli, nilikuwa nalinda nakala ya nakala. Lakini nawaambia, waliojenga ngome ile ya kwanza walikuwa watu wa kushuku kuliko hata mimi. Chini ya mbao za ujia kuna vyuma vidogo, vimewekwa makusudi ili sakafu ilie ukiikanyaga. Unyate utakavyo, inalia kama vifaranga. Na chumba cha walinzi kina dirisha la fito za mbao. Wewe uliye ndani unaona kila anayefika langoni, yeye haoni hata ncha ya pua yako. Nilipoketi mle mara ya kwanza nilisema moyoni, hawa ni ndugu zangu.

Sheria ilikuwa moja: hakuna kuingia na viatu. Palikuwa na rafu ndefu langoni, mgeni anavua, anaweka, anaingia na soksi. Nanyi mnajua Wamarekani na viatu vyao. Wengine walikasirika kama wameambiwa wavue suruali. Sisi walinzi tulivua pia, viatu vyetu tukaviweka mwisho wa rafu. Kwangu haikuwa shida, nyumba gani ya kwetu unaingia na viatu? Kamau ndiye aliyepata tabu. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikawa kinachungulia dunia. "Usiangalie huko," aliniambia siku ya kwanza. "Hiyo siyo posti yako."

Kwenye rafu alipangwa Espérance. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Sote wawili tulikaa Woodbridge, kwa hiyo nilikuwa nampakia kwenye gari langu asubuhi mpaka stesheni ya Springfield, tunapanda treni ya kwenda kazini mjini, na jioni tunarudi hivyo hivyo. Njiani habari yake ilikuwa moja tu, Grâce. Grâce ni binti yake. Walipotezana wakati wa vita, akaonekana Nairobi kwa watu wema, na sasa mama anamwombea karatasi aje Marekani. Wakili alikuwa amemwambia Espérance wazi kabisa: ukipoteza kazi kabla maombi hayajapita, mtoto anabaki huko huko. Kila asubuhi alilirudia neno hilo, mpaka na mimi nikawa naendesha polepole nisije nikamchelewesha.

Basi, wiki chache baada ya kufungua, viatu vikaanza kugeuka.

Wageni walikuwa wanaviweka ncha zikitazama ukuta, kama mtu yeyote anavyovua. Ukienda kuzungusha macho na kurudi, unakuta jozi kadhaa zimegeuka, ncha zinatazama nje, zimepangwa sawasawa. Nani kavigusa? Espérance alikuwa akisaidia mzee huku au kuokota koti la mtoto kule, akirudi, vimegeuka. Kamau akasema ni mwizi. "Anaangalia saizi," akasema. "Leo anapanga, kesho anabeba. Wacha nikuambie, huyo ako na mpango." Mimi nilikubaliana naye, kama kawaida.

Espérance aliona jambo jingine kabisa. Siku moja wakati wa kutoka alinivuta mkono, akaniita kwa jina langu kama kawaida yake.

"Zuhura, ona. Ona bilatu byangu. Nilibiweka bikiangalia ukuta. Sasa biko naangalia mulango."

"Si vimepangwa tu?"

"Hapana! Nyanya yangu alikuwa anasema, mutu akikugeuzia bilatu biangalie mulango, anataka utoke. Utoke mu nyumba, ao mu kazi, ao mu dunia. Kuko mutu anataka nitoke hapa."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Mtu ambaye kila siku anahesabu kama ataruhusiwa kubaki, akikuta viatu vyake vimeelekezwa nje, utamwambia nini? Nilimwambia avae twende, foleni inatungoja. Alivaa huku anaomba kwa Kifaransa.

Sasa mimi nilikuwa na mtu wangu niliyemshuku. Palikuwa na mzee wa Kijapani, mkazi wa Fairfax, aliyekuja karibu kila siku kabla ya mchana na fimbo yake na kofia yake. Jina lake Ishii. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba haingii. Anafika langoni, anasimama pembeni ya rafu, anatazama ndani kwa muda, anaondoka. Nawauliza, mtu gani anatoka Fairfax, anabadilisha treni, anakuja kwenye ngome, halafu anaishia kwenye viatu? Nilimsalimu mara kadhaa, akaniinamia. Mtu anayeinama sana sikumwamini hata kidogo.

Jumanne moja yenye theluji iliyogeuka tope, bwana mmoja wa ofisi za jirani alitoka ngomeni asikute viatu vyake vyeusi vya kamba. Alipiga kelele mpaka sakafu ile inayolia ikanyamaza. Aliondoka na soksi mpaka kwenye teksi, na supavaiza wetu, Bwana Dale, aliyekuwa mwanajeshi zamani, akatuita jioni ile ile.

Dale hakuwa mtu mbaya, lakini alifikiri kwa mstari ulionyooka. "Mgeni akiiba viatu, ataacha vyake," alisema. "Hatembei na jozi mbili. Tulipofunga, rafu ilikuwa na viatu vilivyobaki?"

"Hapana," Espérance akajibu, anaangalia chini.

"Basi aliyechukua ana viatu vyake mahali pengine. Yaani ni mmoja wetu." Akamtazama yeye tu. "Wewe ndiye ulikuwa hapo. Nataka maelezo Ijumaa. Bila maelezo, Jumatatu usije."

Njia nzima kurudi nyumbani Espérance hakutaja jina la Grâce. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano mzee Ishii hakuja, nikamshuku zaidi. Alhamisi nilimwomba Kamau ashike posti yangu, nikaingia chumba cha walinzi, nikaketi nyuma ya fito za mbao. Nilijiona mlinzi wa bwana mkubwa, nimekosa upanga tu. Wakaja watoto wa shule, wakavua, wakaingia, ujia ukalia kama banda zima la kuku. Espérance akaenda kumfungulia mwalimu wao kamba za buti. Mzee Ishii akatokea. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaegemeza fimbo ukutani, akapiga goti moja kwa shida, halafu la pili. Akaanza kugeuza viatu vya watoto, jozi moja moja, kwa mikono miwili.

Nilitoka kwa kishindo. "Aha! Nimekuona!"

Maskini, alishtuka mpaka kofia ikaanguka. Alijaribu kuinuka akashindwa, ikabidi mimi niliyekuja kumkamata nimshike kwapa nimwinue. Mwizi wa namna gani huyo.

Akaniambia polepole, kwa Kiingereza cha shule ya zamani: "Samahani. Nilitaka wakitoka wakute viatu tayari. Wasihangaike kugeuka."

"Kwa nini? Umeajiriwa?"

"Mama yangu aliajiriwa. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya wageni, chini ya ngome kama hii. Mgeni akiingia, yeye anageuza viatu vyake. Ni heshima. Maana yake, tumekupokea, na safari yako ya kurudi tumeifikiria."

"Na wewe mbona huingii?"

Akatabasamu kidogo. "Watu wa viatu hawakuingia. Mama aliniambia ngome ni kitu cha kutazama kutoka langoni. Nimezoea hivyo."

Maelezo yalikuwa mazuri mno, na mimi maelezo mazuri ndiyo yanayonitia shaka. Lakini nilipokuwa namwangalia akifuta magoti, akili ikanigonga. Kama mtu anageuza viatu na kuvipanga upya, na nusu ya wanaume wa mji huu wanavaa viatu vile vile vyeusi vya kamba, basi mtu atavaa visivyo vyake. Na kama amevaa visivyo vyake, vyake vilibaki. Lazima vilibaki. Nilimwambia mzee arudi kesho asubuhi amweleze supavaiza habari ya kugeuza. Akainama, akasema atakuja.

Jioni, tukiwa kwenye gari, nilingoja tutoke kwenye maegesho ya stesheni ndipo nikauliza. "Espérance. Jumanne jioni, kwenye rafu palibaki nini?"

Akageukia dirisha.

"Mimi siyo Dale. Palibaki nini?"

"Kulibaki jozi moja," akasema, na machozi yakaanza. "Watu bote balishaenda, byenyewe biko naangalia mulango. Karibu na byangu kabisa. Nikasema ni byo. Ni byo bitanitoa hapa."

"Ukavifanya nini?"

"Nilibifunga mu kitambaa. Usiku ule kulikuwa maombi, watu ba kanisa balinipitia na motokari. Nikabipeleka kwa pasta."

"Pasta yupi?"

"Wa Germantown."

Mungu wangu! Nilisimamisha gari pembeni. Mwanamke anatuhumiwa kuiba viatu, kumbe viatu viko Maryland vinaombewa! Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. "Na mbona ulimwambia Dale havikubaki?"

"Ningemwambia nini? Kwa Kingereza? Kama kuko bilatu bya uchawi?"

Nikageuza gari, tukaingia kwenye foleni ya jioni, tukazunguka mji mzima mpaka Germantown.

Pasta alikuwa Mkenya mnene, mchangamfu, mchana anafanya kazi ofisini, jioni anachunga kondoo wa Bwana katika chumba cha chini cha nyumba yake. Viatu vilikuwa mezani, vimefunikwa kitambaa cheupe, vinang'aa mafuta ya zeituni. "Mmefika at the right time," akasema. "Jumapili tungevichoma." Mwanawe aliyekuwa ngazini na bakuli la chakula akasema, "Dad, they're just shoes." Pasta akamfukuza kwa macho. Mimi ni Mwislamu, sikutaka kuingilia ibada ya watu. Nilisema bismillahi kimoyomoyo, nikavichukua, nikashukuru kwa maombi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa watu wanne katika ofisi ndogo ya Dale: yeye mwenyewe, Espérance, mzee Ishii na mimi. Viatu vikawa mezani. Nilieleza habari ya kugeuza na kuchanganyika, mzee akathibitisha kwa kichwa. Dale akainua kiatu kimoja, akakizungusha, akakinusa.

"Mbona kinanuka saladi?"

Niliona midomo ya Espérance ikitafuta Kiingereza na kukikosa.

"Na vilikuwa wapi siku zote hizi?" Dale akamuuliza.

"Kwangu," akasema mzee Ishii.

Sote tukageuka.

"Vilibaki peke yavyo, vina tope la theluji. Nikaona aibu kumrudishia mtu viatu vichafu. Nikavichukua nikaenda kuvisafisha. Sina rangi ya viatu nyumbani, nikatumia mafuta ya kupikia. Mama huyu hana kosa. Kosa ni langu."

Nilikuwa sijamwambia neno hata moja kuhusu Germantown. Alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, anadanganya bila kupepesa. Niliwaambia, mtu anayeinama sana! Lakini Kamau alinifundisha kuweka macho wazi, kuhusu mdomo hakusema lolote, kwa hiyo nilinyamaza.

Jumatatu mwenye viatu vile vilivyobaki akaja mwenyewe, anachechemea. Alikuwa amevaa viatu vya yule bwana wa ofisi za jirani wiki nzima akidhani miguu yake imevimba kwa uzee. Mambo yakaisha. Espérance akabaki kazini, na maombi ya Grâce yakaendelea.

Lakini Dale alitoa amri. Mzee Ishii akifika, asimame nje ya kamba, na akigusa kiatu cha mtu tena, atolewe. Amri ilisema pia kwamba sisi wenyewe, wote, ni marufuku kugusa kiatu cha mgeni. Na nani alipewa kazi ya kumchunga mzee? Espérance, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye rafu. Mzee aliendelea kuja. Alisimama nyuma ya kamba, mikono ameifunga mgongoni, anavitazama viatu vimetazama ukuta. Espérance alimtazama yeye. Siku moja aliniambia, "Zuhura, njo mi namulinda ule mutu? Ule alinipa mutoto wangu?" Nilimwambia ndiyo, ndiyo kazi yetu. Nililia chooni, lakini macho niliyaacha wazi.

Siku ya mwisho ya ngome mafundi walikuwa wameshafika kuibomoa. Saa za kufunga zilikuwa karibu, wageni wamepungua, na mimi niko chumba cha walinzi naliaga dirisha langu. Nikaona Espérance anafungua kamba.

"Papa, ingia," alimwambia kwa Kiswahili, halafu kwa mkono.

Mzee akatikisa kichwa. Akaonyesha pale aliposimama, kama kusema hapa panatosha.

"Hapana. Leo unaingia. Lakini bilatu unavua," akasema Espérance, na akamshika kiwiko. "Sheria ni sheria."

Alichelewa sana kuvua. Aliviweka mwisho wa rafu, kando ya vyetu, ncha zikitazama ukuta. Akaingia. Nikasikia sakafu inalia chini yake, hatua moja, inanyamaza, hatua nyingine. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua, sijui anasikiliza au anaomba ruhusa.

Espérance akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakujua kama nipo nyuma ya fito. Akapiga magoti yote mawili, akavichukua viatu vya mzee kwa mikono miwili, akavigeuza vitazame mlango. Halafu akavichukua vyake mwenyewe, vile vilivyomnyima usingizi, akavigeuza pia, akaviweka sambamba na vya mzee.

Amri ilikuwa hakuna kugusa kiatu cha mgeni, na mimi nilikuwa kazini. Miaka yote ile niliyovaa blazeri, hiyo ndiyo mara moja tu niliyofumba macho.